Mkono wa Humam

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimehamishiwa Lango la Sita. Lenny, msimamizi wetu, aliniambia ndani ya basi la kampuni asubuhi, macho yake kwenye simu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Miezi kumi na minne nimelinda mapokezi ya chuo hiki. Walimu wote nawajua kwa majina. Wiki iliyopita mgeni mmoja akalalamika kwamba sitabasamu, basi nimepelekwa mahali pasipo na wa kumtabasamia: mlango wa waya upande wa uwanja wa michezo, na kibanda kinachotosha mtu na feni.

"Ni mabadiliko ya kawaida tu, Rispah," akasema.

"Ya kawaida kwa nani?"

Akaendelea kubonyeza simu. Lenny ni Mkenya mwenzangu, wa Molo, ana watoto wawili nyumbani, na maswali anayojibu ni yale yanayotoka juu.

Daftari hili nimelinunua Al Rigga, hapa Dubai, siku yangu ya mapumziko. Nisipoimwaga hasira humu nitammwagia mtu, na huyo mtu atanirudisha Rongo kwa ndege ya kwanza.

Jumanne, 4 Novemba

Kumbe uwanja wenyewe ni wa besiboli. Nilipouona nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Huku hawaijui sana, na kwetu pia ni wachache. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, na nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji, kinyago usoni na glavu kubwa mkononi. Huyo mdakaji nilikuwa mimi. Miaka minne, chuo cha ualimu. Sisi wasichana tulitumia mpira mkubwa zaidi na tulirusha kwa chini, lakini mkono ni mkono.

Kwenye uzio wametundika bango refu kama basi: msimu mpya wa vyuo unafunguliwa Jumamosi, 31 Januari. Katikati ya bango yupo kijana mmoja, mkono juu, mpira vidoleni. Anaitwa Humam. Alipita langoni saa kumi kasoro, masikio yamezibwa na muziki, hata kichwa hakutikisa. Nikasema moyoni, huyu naye.

Kisha nikamwona akirusha. Sitaficha. Mpira wake unalia hewani.

Jumatano, 5 Novemba

Joto halijakubali kuondoka. Humam karusha mipira 96.

Alhamisi, 6 Novemba

104. Nahesabu bila kutaka. Mdakaji hahesabu kwa akili, anahesabu kwa magoti.

Jumatatu, 10 Novemba

Gari jeupe lilisimama langoni, kioo kikashuka nusu. Mama wa makamo, miwani ya jua, mtandio wa hariri. Akaniambia kwa Kiingereza nifungue. Nikaomba kadi ya kuingilia.

"Mimi ni mama yake Humam," akasema, na kidole chake kikaelekea lile bango.

"Ndiyo, madam. Kadi."

Hakuwa nayo. Akapiga simu, na baada ya dakika mbili nami nikapigiwa: nimfungulie, nimwombe radhi. Nikafungua. Nikaomba radhi. Sheria waliniandikia wao, na kuivunja wameniamrisha wao, lakini wa kuomba radhi ni mimi.

Humam 109.

Jumanne, 11 Novemba. 112.

Jumatano, 12 Novemba. 115. Leo baada ya kila mpira anaukung'uta mkono kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo nimeaibika, na bado nina hasira.

Ilikuwa saa kumi na moja, mazoezi yanaelekea kwisha. Kocha wao anaitwa Walid, Mlebanoni aliyekulia Canada, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Alikuwa akimwambia Humam "mara moja tena, mara moja tena," na kila akisema hivyo kijana anarusha kumi. Kiwiko kimeanza kushuka. Mkono wenye afya hupita juu ya bega. Mkono unaouma hujitafutia njia ya mkato pembeni, na njia hiyo ndiyo inayouvunja. Nikajisemea kwa Kiswahili, huku nikifikiri niko peke yangu, "Endelea, mjinga wewe, mwezi wa pili utashindwa kushika kijiko."

Humam alikuwa amekuja kuokota mpira kando ya uzio. Akasimama.

"Mjinga nani, dada?"

Kiswahili kilichonyooka. Kiswahili cha Unguja. Nilitamani kibanda kinimeze.

"Nyumbani tunazungumza Kiswahili," akasema. "Babu alihamia hapa zamani sana. Bibi yangu, Bi Joha, hataki kusikia lugha nyingine mezani. Sasa niambie, nimekuwa mjinga kwa lipi?"

Nikamwambia. Kiwiko, idadi ya mipira, siku za kupumzika ambazo hapewi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitarajia. Kisha akasema yupo mtu wa chuo kimoja cha Marekani atakayekuja kumtazama siku ya ufunguzi. Akimridhisha, mwezi wa tisa anakwenda kucheza kule.

"Kwa hiyo siwezi kupumzika, dada. Unaelewa."

"Ninaelewa. Ndiyo maana nimekuita mjinga."

Akacheka, akarudi kurusha. 121.

Jumanne, 25 Novemba

Nimezungumza na Kocha Walid.

Nilimsubiri mpaka vijana wakaondoka. Nikavua kofia, nikasema kwa Kiingereza changu bora kabisa: sir, samahani, mrushaji wako leo amerusha mipira mia na ishirini na sita, na jana mia na kumi na minane. Kiwiko kinashuka. Anahitaji siku nne bila kugusa mpira.

Alinitazama kwa adabu. Bora angenitukana.

"Ulicheza?"

"Nilidaka miaka minne."

"Wapi?"

"Kenya."

"Kenya wanacheza besiboli?" Alitabasamu kama mtu aliyeambiwa mbuzi wa jirani anajua kuimba. "Dada, wewe una lango. Mimi nina timu. Yalla, haya, kila mtu na kazi yake."

Akaenda zake. Nikabaki na kofia mkononi.

Mimi nimesomea ualimu. Nimefundisha watoto sitini katika chumba chenye madawati kumi na tano, na serikali haikuniajiri, ndiyo maana nimesimama hapa. Anaponitazama anaona sare. Na ubaya ni kwamba nilipokuwa naongea naye nilijisikia nimekuwa sare kweli, sauti imepungua, mabega yameingia ndani. Nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye.

Nilipotulia nikafungua kitabu cha matukio, kile tunachoandika wageni na magari, nikaandika: "Saa 11:40 jioni. Mrushaji Humam, mipira 126. Kiwiko kimeshuka. Kocha ameambiwa." Nikatia sahihi. Nikarudi kurasa za nyuma, nikajaza tarehe zote nilizozinukuu humu.

Jumatano, 26 Novemba

Lenny alikagua kitabu, akakuta.

"Rispah, hiki si kitabu cha mpira."

"Ni tukio. Limetokea kwenye lindo langu."

"Wataniuliza mimi."

"Basi uwajibu."

Alitia sahihi chini ya maandishi yangu bila kunitazama. Jioni akaniletea barua ya onyo: kuingilia shughuli za mteja. Aliishika kwa vidole viwili kama kitambaa kichafu. Mwoga, lakini mwoga mwenye aibu. Sijui ni nafuu au ni vibaya zaidi.

Jumanne, 2 Desemba

Sikukuu ya Taifa. Bendera kila gari. Sisi kazini.

Jumanne, 9 Desemba

130. Nimeandika kitabuni.

Alhamisi, 11 Desemba

127. Anameza vidonge vya maumivu kabla ya kuingia uwanjani. Nimewaona, yeye na rafiki yake Wahid, ambaye ni mrushaji wa akiba, wakipokezana chupa ya maji kwenye maegesho. Mimi naandika, Lenny anatia sahihi, hakuna anayesoma.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua kubwa. Dubai mvua ikinyesha saa tatu mji unachanganyikiwa: barabara zimejaa maji, basi letu limechukua saa mbili na nusu kutoka nyumba za wafanyakazi za Dubai Investments Park, na tulipofika tukakatwa mshahara wa muda huo. Uwanja umekuwa bwawa. Hakuna mazoezi.

Nilifurahi kwa ajili ya ule mkono. Kisha, mchana, nikamsikia Walid akiwapeleka vijana kwenye maegesho yenye paa. Amewarushisha juu ya zege. Sikuweza kuhesabu kutoka nilipo, lakini milio niliisikia, pa, pa, pa, mpaka magharibi.

Jumatatu, 22 Desemba

Leo nitaandika kirefu.

Chuo kimefungwa. Walid amesafiri kwenda Canada kwa Krismasi. Saa sita mchana akaja Humam peke yake, begi begani. Wahid alikuwa amemwahidi kuja kumdakia na hakutokea. Mimi nilikuwa kwenye mapumziko yangu ya nusu saa, nakula ugali baridi, na mwenzangu ameshika lango.

"Dada Rispah, nidakie kumi tu."

"Hapana."

"Kumi. Nataka mtu anayejua aniambie."

Hayo maneno, "mtu anayejua." Miaka miwili na nusu, tangu niache kufundisha, sijaitwa hivyo. Nikanawa mikono, nikavaa glavu, nikachutama na buti zangu za ulinzi. Magoti yalilia, kisha yakakumbuka.

Mpira wa kwanza uliingia katikati ya glavu, ukavuma mpaka begani kwangu, na nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Wa pili vilevile. Wa tatu. Jua la mchana ni la upole mwezi huu, nyasi zimekatwa, hakuna mtu. Kwa dakika mbili sikuwa na hasira na yeyote duniani.

Wa nne ulikuja umekufa.

Sijui niuandikeje. Mpira mzuri ukikaribia hukaza mwendo, mdakaji huuona ukijisukuma. Huu ulikuja vizuri, halafu karibu na mimi ukalegea, kama mtu aliyekata tamaa mlangoni. Wa tano vivyo hivyo. Wa sita ulipaa juu ya kichwa changu. Wa saba aliuachia, na uso wake ukakunjamana kabla mpira haujanifikia.

Nikainuka, nikamwendea, nikaushika mkono wake wa kulia. Nikabana kidole cha mwisho.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Angalia kule." Nikabana tena, kwa nguvu, kwa ukucha. "Sasa?"

"Umeshaachia." Sikuwa nimekiachia. Hakuwa na habari kama bado nimekishika.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Kinakuja na kuondoka." Macho yake yalijaa maji, akayageuzia pembeni. "Wiki tano na ushei tu zimebaki, dada. Baada ya ufunguzi nitapumzika hata mwaka. Nakuomba usimwambie mtu."

Hapo ndipo damu iliponipanda, na si kwa ajili yake.

Mrushaji wangu chuoni aliitwa Wangari. Mwaka wetu wa mwisho, wiki mbili kabla ya fainali, mipira yake ilianza kufika kwenye glavu yangu imekufa. Nilijua kabla ya mwalimu wa michezo, kabla ya daktari. Wangari alinishika mkono bwenini akasema, wiki mbili tu, Rispah, usimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Tulichukua kombe. Wangari hakurusha tena, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa akisukwa nywele na dada yake kwa sababu mkono haufiki kichwani. Tangu siku hiyo sijampigia simu. Ni miaka sita.

Nilimwambia Humam aende nyumbani. Alipofika langoni akageuka:

"Utasema?"

"Nitasema."

"Nilidhani wewe ni rafiki."

"Rafiki ndiye aliyenyamaza safari ile," nikamwambia. Hakuelewa, na sikumweleza.

Jumanne, 23 Desemba

Mama yake alikuja kuchagua mahali pa viti vya wageni wa ufunguzi. Anaitwa Masuda. Safari hii kadi alikuwa nayo. Nikamsalimu kwa Kiswahili, shikamoo mama, nikamwambia nina neno kuhusu Humam.

Alivua miwani. Nikamweleza yote: mipira, vidonge, kidole chenye ganzi. Nikamwambia ampeleke hospitali leo, asingoje kesho.

Aliifuta ile miwani kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, Kiswahili chake kizuri na baridi kama marumaru:

"Na wewe umekijuaje kidole cha mwanangu?"

"Nilimdakia mipira jana, mama. Nikamshika mkono."

"Ukamshika mkono." Akalirudia taratibu. "Mlinzi wa lango. Chuo kimefungwa, hakuna mtu, ukamshika mwanangu mkono."

Nina miaka thelathini na moja. Yule ni mtoto wa miaka kumi na tisa. Nikasema, "Mama, usiyapeleke huko."

"Hapana aliyeyapeleka ila wewe," akasema, akarudisha miwani.

Jumatano, 24 Desemba. Kimya.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wenzangu wamepika chapati. Nimekula mbili na sikusikia ladha.

Jumatatu, 29 Desemba

Masuda aliiandikia kampuni malalamiko, kamera zikatazamwa. Nilionekana nimeacha kibanda (nikiwa kwenye mapumziko yangu, lakini kamera haiandiki mapumziko), nimecheza mpira na mwanafunzi, nimemshika mkono. Barua yake ina mistari minne. Neno moja humo sitalinakili hapa, kwa sababu mama yangu akinitangulia kufa au nikimtangulia, sitaki mtu wa kwetu alisome.

Kuanzia kesho ni Muhaisnah, kambi ya wafanyakazi wa ujenzi, lango la ofisi.

"Wewe ndiwe uliyekubali nihamishwe," nilimwambia Lenny.

"Rispah..."

"Ulitia sahihi kwenye kila ukurasa. Ulijua kila siku amerusha mingapi. Umeulizwa?"

"Sikuulizwa."

"Na ungesema bila kuulizwa ungekufa?"

Alikunja barua, akaifunua, akaikunja. Nilimwacha pale. Sitaki kumwona tena.

Ijumaa, 2 Januari

Muhaisnah. Mabasi yanatoka, mabasi yanarudi. Wanaume wanashuka na vyombo vyao vya chakula, saruji kwenye kope. Wananisalimu. Chuoni miezi kumi na sita walionisalimu hawafiki kumi.

Jumatatu, 5 Januari

Ukungu asubuhi, majengo hayaonekani. Walid atakuwa amerudi. Sijui amerushisha mingapi na kutojua kunanisumbua kuliko kujua.

Ijumaa, 9 Januari

Nimempigia Wangari.

Nilipata namba kwa dada yake. Akapokea, nikasema ni Rispah, nikamsikia akimwambia mtoto atoke nje.

"Miaka sita," akasema.

Nikamwambia nilichompigia: kwamba nilijua. Kwamba nilihisi kwenye glavu wiki mbili kabla, nikanyamaza kwa sababu yeye aliniomba, na kwa sababu mimi pia nililitaka kombe. Hicho cha pili sijawahi kumwambia mtu.

"Nilijua unajua," akasema Wangari. "Wewe ndiwe uliyekuwa unaidaka. Nilikuomba unyamaze, na kila siku nilikuwa naomba Mungu usinisikilize."

Akaendelea, bila kupandisha sauti. Kwamba nguo anaanika kwa mkono wa kushoto. Kwamba mtoto wake wa kwanza alimbebea upande mmoja tu. Kwamba yote hayo angeyasamehe, ila simu. "Ungenipigia hata mwaka wa pili, Rispah. Hata kunidanganya tu unasalimia."

Nikamweleza kuhusu Humam.

"Umemwambia mama yake?"

"Nimemwambia. Nimefukuzwa pale kwa ajili hiyo."

"Na mtoto anakuchukia?"

"Nadhani."

"Afadhali akuchukie," akasema Wangari. "Mimi nilikupenda wiki mbili zile. Imenisaidia nini."

Akakata. Sijui kama atapokea tena.

Alhamisi, 15 Januari

Saa tisa alasiri gari jeupe liliingia kwenye vumbi la kambi. Nikalijua. Nikavaa kofia yangu vizuri, nikakaa tayari. Kama alikuwa amekuja kunitukana mara ya pili, mara hii ningemjibu na khalas, yaishe, wanirudishe kwetu.

Masuda akashuka mwenyewe. Bila miwani. Alionekana mzee kuliko mwezi uliopita.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba. Naomba tuzungumze, bibie."

Nikabaki nimesimama. Akasimama naye, juani, mabasi yanapita.

Aliniambia hivi. Aliponiacha siku ile alimuuliza Humam, na Humam akakana. Akamwamini. Jumapili iliyopita familia nzima walikaa kula pilau kwa Bi Joha. Kwao wanakula kwa mkono, na Humam akala kwa mkono wa kushoto. Bi Joha ana miaka themanini na minne, macho yake hayaoni mbali lakini sinia lake analiona. Akasimamisha kula. Akasema, "Mjukuu wangu, tangu lini sisi tunalishwa na shetani?" Humam akajaribu kuinua wa kulia. Kiwiko kilikataa kukunjika. Tonge likamdondoka mbele ya wajomba wote.

"Bi Joha akamwambia, sema," akasema Masuda. "Akasema yote. Na alipofika kwako akalia. Akasema, yule dada alijua kabla yangu."

Hospitali wamekuta kano ya ndani ya kiwiko imechanika nusu. Daktari alisema mirusho michache tu ya nguvu na ingekatika yote. Sasa haitahitaji upasuaji, ila hatagusa mpira miezi sita. Ufunguzi hayumo. Mtu wa Marekani ameambiwa asije.

"Nilikufikiria vibaya," akasema.

"Hukufikiria tu, mama. Uliandika."

Aliinamisha kichwa. "Niliandika."

"Mimi pia nina mama. Ile barua imo kwenye faili langu, na faili langu litanifuata kila nitakapoomba kazi."

"Niambie nifanye nini. Nyumbani kwangu kuna nafasi, nitakulipa vizuri kuliko..."

"Sitaki kazi ya nyumbani kwako." Nilisema polepole ili nisipige kelele. "Nataka uandike tena. Useme ulichosema hakikuwa kweli. Kwa mkono wako, na jina lako chini."

Ilionekana ni vigumu kwake kuliko kunipa kazi. Aliangalia mabasi. Kisha akasema, "Nitaandika." Na kabla hajapanda gari: "Yule msimamizi wako, Lenny, ndiye aliyenileta. Nilikwenda ofisini kwenu wakakataa kuniambia uko wapi. Akanifuata nje, na picha za kitabu chenu, kurasa zote, kila siku na idadi yake. Akasema walitaka kukurudisha Kenya, yeye akapigania uhamishwe tu."

Lenny. Nimekaa na hilo jioni nzima. Sijui niliweke wapi.

Jumatatu, 19 Januari

Barua ya Masuda imefika. Ukurasa mmoja, mwandiko wake. Imeandikwa vizuri na haikujificha popote. Onyo limefutwa, na lile neno limeondolewa. Kampuni inanirudisha Lango la Sita. Walinirudishia kilicho changu, wakasubiri niseme asante. Nikasema. Mdomo unajua kazi yake.

Lenny alikuwa mlangoni mwa basi. Nikamwambia, "Ungeniambia."

"Ungenisikiliza?"

"Hapana."

"Basi," akasema. Tukakaa kiti kimoja mpaka tukafika.

Jumatano, 21 Januari

Bango limebadilishwa. Sasa ni picha ya timu nzima, nyuso ndogo. Walid amepita bila kunisalimu. Wahid ndiye mrushaji. 71, wakaacha.

Jumamosi, 31 Januari

Ufunguzi.

Upepo, jua jembamba, hewa safi. Watu labda mia tatu, wengi wao wazazi. Mabibi wa Kizanzibari wamekaa upande mmoja na chupa za chai na sambusa, Bi Joha katikati yao kwenye kiti cha magurudumu, akiuliza kila dakika mpira uko wapi.

Wahid alijitahidi, maskini. Hana mpira unaolia. Wapinzani walimpiga kipindi cha kwanza, wakampiga cha pili, na cha nne walikuwa wanaongoza saba kwa moja. Nilimtazama Walid pale pembeni, akitembea mbele na nyuma. Nilikuwa nimemjengea chuki nzuri miezi mitatu, imara kama nyumba ya mawe, na leo niliona kila mpira ukipigwa anageuka kuwatazama wakubwa wa chuo waliokaa mbele. Mkataba wake ni wa msimu mmoja, wanasema. Alikuwa anaogopa tangu mwanzo, na alipoogopa alikwenda kuchota kwenye mkono wa mtoto. Kuelewa hilo hakujanipunguzia hasira hata punje. Lakini Wahid alipofika mipira sabini na tano Walid aliingia uwanjani mwenyewe, akamshika bega, akachukua mpira. Watu wengine wakazomea. Hakugeuka.

Humam alikuwa ameketi benchi la timu, mkono kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Kipindi cha sita akainuka, akaja mpaka kwenye waya, karibu na kibanda changu. Hatujaonana tangu Desemba. Amekonda.

"Dada Rispah."

"Humam."

"Mama ameniambia nije nikushukuru."

"Umekuja kwa ajili ya mama?"

Akatikisa kichwa. "Nimekuja kukuambia bado nina hasira. Yule mtu angekuwa pale leo." Akaonyesha kiti kimoja mstari wa mbele, ambacho sasa alikikalia mtoto wa mtu na pakiti ya bisi. "Najua daktari amesema nini. Najua yote. Lakini nikikuona nakasirika, na sijui nitaacha lini."

"Kasirika," nikamwambia. "Mimi pia sijaacha. Nilikuwa nikirudi chumbani naona mama yako, naona kocha, naona wewe umepita na muziki wako masikioni."

"Sikuwa nimekuona siku zile."

"Najua hukuniona. Ndicho ninachosema."

Nyuma yake mpigaji wao aliupiga mpira, ukapaa juu, na watu wote wakainuka kuufuata kwa macho. Sisi hatukugeuka.

"Mwezi wa saba daktari akiniruhusu," akasema, "nitaanza na mipira kumi. Wahid anadaka, lakini hajui kusikia. Utanidakia?"

Nilitaka kusema ndiyo, na kwa sababu nilitaka sana sikusema.

"Kaombe ruhusa ofisini, kwa maandishi, jina langu liandikwe kamili. Mpe Lenny nakala. Wakikubali, njoo."

"Wakikataa?"

"Utakuwa na watu wengine wa kuwakasirikia."

Kwa mara ya kwanza leo akatabasamu, kidogo, upande mmoja. Akauliza jina langu kamili ni nani. Nikamwambia: Rispah Akinyi Odongo. Akatoa simu kwa mkono wa kushoto na kuliandika herufi moja moja, akiniuliza kila sehemu kama amepatia.